Jani Lipitapo Tumboni mwa Sungura: Utangulizi kwa Mfugaji na Mwanafunzi wa Butembo na Beni

Labda una vizimba viwili vya sungura nyuma ya nyumba, huko Bulengera au Mulekera, na umejiuliza kwa nini majani yanayomnenepesha mmoja humharisha mwenzake. Labda ndiyo kwanza umeanza masomo ya tiba ya mifugo katika Université Catholique du Graben hapa Butembo, na majina ya sehemu za utumbo uliyoandikiwa ubaoni bado hayajakukaa kichwani. Kurasa hizi ni zenu nyote wawili. Si lazima uwe umesoma biolojia. Nakuomba tu tulifuate jani moja, tangu linapokatwa na meno mpaka linapotoka, bila kuruka hatua. Somo lenyewe huitwa fiziolojia ya mmeng'enyo. Fiziolojia ni elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi. Mmeng'enyo ni kazi ya kukivunja chakula hadi kiwe chembe ndogo za kutosha kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu.

Sungura anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika Kivu ya Kaskazini. Mashamba ya milima ya Butembo na Lubero yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yamebaki vipande, na ng'ombe hana tena pa kulishia. Upande wa Beni, tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, familia nyingi zimelazimika kuhama, nyingine zaidi ya mara moja. Sungura majike wawili na dume mmoja huingia katika kikapu, jike hubeba mimba kwa siku 31 tu, na chakula chao hukatwa kando ya njia. Hata hivyo mnyama huyuhuyu unaweza kumwacha mzima jioni, asubuhi ukamkuta amekufa na tumbo limejaa gesi. Uwezo wake wa kuishi kwa majani na wepesi wake wa kufa kwa tumbo vina chanzo kimoja, na chanzo hicho ndicho ninachotaka ukifahamu ukimaliza kusoma.

Tuanze na jani kabla hata halijaguswa. Jani limejengwa kwa vijumba vidogo mno viitwavyo seli, na kila seli ya mmea imezungushiwa ukuta mgumu. Ukuta huo umesukwa hasa kwa selulosi, ambayo ni sukari iliyoungwa mlolongo mrefu kwa namna ambayo mwili wetu hauwezi kuifungua. Nasema mwili wetu, lakini hata ng'ombe, mbuzi na sungura hawaiwezi peke yao. Ili kuvunja chakula, mwili hutumia vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazokata chembe kubwa ziwe ndogo, na hakuna mnyama anyonyeshaye ambaye mwili wake hutengeneza kimeng'enya cha kukata selulosi. Wanaokiweza ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hasa bakteria. Kwa hiyo kila mnyama anayeishi kwa majani amewapangisha bakteria ndani ya tumbo lake, anawapa joto, unyevu na chakula, nao humlipa kwa kazi.

Swali linalofuata ni wapi amewapangisha, na hapo wanyama hutofautiana. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wamewaweka mbele, katika chumba kikubwa kinachotangulia tumbo halisi. Majani huanza kwa bakteria, ndipo yaende kwenye tumbo na utumbo, na bakteria wenyewe humeng'enywa njiani kama nyama. Sungura, simbilisi na farasi wamewaweka nyuma, baada ya tumbo na utumbo mwembamba. Unaona tatizo lilipo? Mahali pa kufyonza protini ni utumbo mwembamba, na bakteria wa sungura wanaishi baada yake, upande wa kutokea. Utajiri wote wanaoutengeneza huko ungepotea kwa njia ya kinyesi. Shika fumbo hilo. Jibu lake linakuja, nalo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika mnyama huyu.

Sasa turudi mdomoni. Mshike sungura wako, mfunue mdomo wa juu taratibu, utazame meno ya mbele. Utaona mawili. Kisha angalia nyuma yake hasa: kuna mengine mawili madogo yamejificha, mithili ya vigingi. Ni kwa ajili ya meno hayo wataalamu walimtoa sungura katika kundi la wagugunaji, yaani panya na jamaa zake, na tangu kazi ya Mmarekani Gidley mwaka 1912 sungura wamehesabiwa kuwa na oda yao wenyewe, Lagomofa. Oda ni kundi kubwa la wanyama wenye ukoo mmoja. Jumla ya meno ya sungura ni 28, na yote, ya mbele na magego, hayaachi kukua maisha yake yote. Meno ya mbele ya juu huongezeka karibu milimita 2 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe wakati mnyama anatafuna chakula kigumu kwa muda mrefu. Sungura aliyelishwa ugali uliobaki na maganda laini ya ndizi anashiba upesi, hatafuni vya kutosha, na magego yake hutokeza ncha kali zinazomchana ulimi na shavu. Ukiona sungura anausogelea mlo kwa hamu halafu anauacha, huku kidevu kimelowa mate, tazama meno kabla hujafikiria dawa.

Jani likishatafunwa huteremka kwa umio, ile njia ya kutoka kooni hadi tumboni. Hapa kuna jambo la kukumbuka: sungura hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake hufunga kwa nguvu, na anachokimeza ama kitapita chote ama kitamdhuru. Tumbo lenyewe ni mfuko wenye ukuta mwembamba na misuli dhaifu. Kwa sungura mkubwa wa kilo 4 huwa na rojo ya gramu 90 hadi 100, na kwa kawaida haliwi tupu kabisa. Ndani yake mna asidi kali, inayoua vijidudu vingi vilivyokuja na majani. Kwa kuwa misuli ni dhaifu, kinachosukuma chakula kwenda mbele kwa kiasi kikubwa ni chakula kingine kinachoingia nyuma yake. Ndiyo maana sungura hula kidogo kidogo mara nyingi mchana na usiku, na hasa usiku. Ndiyo maana pia kumwacha siku nzima bila kitu mezani pake, kwa kuwa umekwenda sokoni au barabara imefungwa, ni hatari kuliko kumwacha mbuzi.

Utumbo mwembamba nitaupitia haraka, kwa kuwa hapa sungura hafanyi tofauti sana na wewe. Una urefu wa mita 3 hivi. Nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho humiminwa ndani yake. Wanga, mafuta na protini rahisi hukatwa na kufyonzwa. Na kwa muda wa saa moja na nusu hivi kazi huwa imekwisha. Kilichobaki ni majimaji yenye kuta za seli ambazo hazijavunjwa. Yanafika njia panda.

Ningependa utulie hapa njia panda, kwa sababu elimu yote ya ulishaji wa sungura imejengwa juu ya mahali hapa. Upande mmoja kuna sekamu. Sekamu ni mfuko mkubwa usio na mlango wa upande wa pili: kinachoingia lazima kirudi kwa njia ileile. Kwa sungura mkubwa una urefu wa sentimita 40 hadi 45, umejiviringisha, na peke yake huchukua karibu nusu ya nafasi yote ya tumbo na utumbo. Mwishoni una kidoletumbo cha sentimita 10 hadi 12. Upande wa pili kuna koloni, yaani utumbo mpana unaoelekea nje, wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Siku mnapochinja sungura nyumbani, usitupe matumbo kabla hujayatandaza kwenye jani la mgomba. Kitakachokuvutia jicho kwanza ni mfuko mkubwa wa kijani kibichi kilichokolea, ukuta wake mwembamba kiasi cha kuonyesha kilichomo, umezungukwa na mikunjo kama mistari. Hiyo ndiyo sekamu. Wengi huidhania kuwa ndiyo tumbo. Tumbo lenyewe utalikuta juu, kushoto, dogo na jeupe zaidi.

Ndani ya sekamu bakteria wanachachusha. Uchachushaji ni kuvunja chakula bila hewa ya oksijeni, na kila aliyewahi kutengeneza kasiksi anaujua: maji ya ndizi yakifunikwa penye joto hubadilika, hutoa mapovu, hupata harufu mpya, na mtengenezaji haruhusu mtu ayachokoe wala aongeze kitu katikati ya kazi. Sekamu ni mtungi wa namna hiyo usiozimwa maisha yote ya mnyama. Katika kila gramu ya rojo yake mna mabilioni ya bakteria. Wanachotoa ni asidi mafuta tete, yaani asidi nyepesi ambazo hupenya ukuta wa sekamu na kuingia moja kwa moja kwenye damu ili zitumike kama nguvu. Pia hutengeneza vitamini za kundi B na vitamini K, na wao wenyewe huongezeka, na miili yao ni protini nzuri.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya, na ni kosa linaloeleweka kabisa, kwa kuwa maelezo niliyotoa hadi hapa yanakuelekeza huko. Unaweza kudhani kwamba nyuzinyuzi zote huingia katika sekamu zikachachushwa. Nyuzinyuzi ni jina la jumla la sehemu ngumu za mmea, selulosi na wenzake. Kumbe sungura huvunja sehemu ndogo ya selulosi kuliko ng'ombe. Mwili wake ni mwepesi na hauwezi kubeba pipa la nyasi likichacha kwa siku mbili au tatu. Yeye amechagua njia nyingine: huchambua. Mwanzo wa koloni una vifuko ukutani na misuli yenye mpango wa pekee. Inapojikunja, vipande vikubwa vya nyuzinyuzi hukusanyika katikati na kusukumwa mbele kwenda nje. Maji, pamoja na chembe ndogo sana na bakteria, hubanwa kwenye kuta na kurudishwa nyuma, kinyume cha mwendo wa kawaida, hadi ndani ya sekamu. Chembe zenye ukubwa chini ya milimita 0.3 hivi hurudi. Vipande vya zaidi ya nusu milimita huenda zao. Hivyo kigumu hutupwa upesi, na chenye faida hubaki kichachushwe.

Vile vipande vikubwa hunyang'anywa maji njiani na kutoka kama vidonge vigumu vya mviringo, vikavu, visivyo na harufu kubwa. Ndivyo unavyovifagia kila asubuhi chini ya kizimba na kuvipeleka kwenye mboga. Sungura mmoja anaweza kutoa mamia yake kwa siku.

Baadaye, sungura anapopumzika, mara nyingi kuanzia alfajiri na asubuhi, mpango wa misuli hubadilika. Mwendo wa kurudi nyuma husimama. Sekamu hujikunja na kutoa sehemu ya rojo yake, nayo hupita koloni bila kuchambuliwa, huku ikifunikwa ute mwembamba. Hutoka vishada vya vidonge vidogo, laini, vyeusi vinavyong'aa, vimeshikana kama zabibu. Jina lake la kitaalamu ni sekotrofi. Na hapa ndipo fumbo letu linapofumbuliwa: sungura huinama na kuzichukua sekotrofi kwa mdomo palepale zinapotoka, kisha humeza bila kutafuna. Zinakaa upande mmoja wa tumbo zikiwa nzima, zimelindwa na ule ute, kwa saa 6 hadi 8, bakteria wakiendelea na kazi yao ndani. Ukichinja asubuhi na kulipasua tumbo utaweza kuziona kwa macho yako, vidonge vizima katikati ya majani yaliyosagika. Baadaye ute huyeyuka, asidi hufanya kazi, na bakteria humeng'enywa katika utumbo mwembamba kama protini nyingine yoyote. Kwa njia hii chakula kilichotengenezwa nyuma ya mahali pa kufyonzwa hupata nafasi ya kupita tena mahali hapo.

Usichukizwe, na usimzuie. Sekotrofi si kinyesi kwa maana tunayoizoea. Vipimo vilivyochapishwa katika kitabu cha FAO kuhusu sungura, kazi ya Lebas na wenzake, vinaonyesha kwamba katika vidonge vigumu protini ni karibu asilimia 13 ya uzito mkavu, na katika sekotrofi ni karibu asilimia 29. Nyuzinyuzi huenda kinyume: nyingi katika vigumu, chache katika laini. Kwa mkulima asiye na fedha ya kununua soya au samaki wa kusaga, hiyo ni protini ambayo mnyama anajitengenezea kwa majani ya kando ya njia. Wafugaji wengine huniuliza kama sakafu ya mianzi yenye nafasi humnyima sungura chakula hicho. Haimnyimi, kwa kuwa hachukui sakafuni. Sakafu ya aina hiyo endelea nayo, nitakueleza sababu.

Daktari wa mifugo Mfaransa aitwaye Morot alieleza tabia hii mwaka 1882. Kazi yake ilisahaulika kwa zaidi ya nusu karne, hadi Madsen na Taylor walipolirudisha jambo hili mbele ya wataalamu mwaka 1939 na 1940. Hata leo utakutana na watu waliofuga miaka mingi ambao hawajawahi kuliona, kwa kuwa tendo lenyewe ni la sekunde chache na hufanyika mnyama akiwa ametulia. Katika mji wenye wasomaji wengi wa Biblia kama Butembo, somo hili huleta swali lingine kila mara. Mambo ya Walawi, sura ya 11 aya ya 6, yanamtaja sungura kuwa mnyama anayecheua asiye na kwato zilizopasuka, na ndugu zetu Waadventista, ambao chuo kikuu chao kiko Lukanga, hawamli. Je, anacheua? Kwa maana ya ng'ombe, hapana: hakuna kinachopanda kutoka tumboni kurudi mdomoni. Lakini chakula chake hupita mdomoni mara mbili, na sungura wa porini wa nchi za Biblia hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi anaweza kuyashika maelezo hayo yote mawili bila kugombana na mtu, na imani ya jirani yake ikabaki kuwa ya kuheshimiwa.

Ukiwa umeyaelewa haya, mambo mengi ya kizimbani yataanza kujieleza yenyewe. Chukua nyuzinyuzi. Mtu akisikia kwamba sungura hazivunji sana, atasema basi tumpunguzie, tumpe mahindi na pumba. Hapo ndipo wengi hupoteza wanyama. Vile vipande vigumu visivyomeng'enywa ndivyo vinavyozigusa na kuziamsha kuta za koloni zifanye kazi ya kuchambua na kusukuma. Vikikosekana, mwendo hupungua, rojo hukaa muda mrefu mno katika sekamu, na aina ya bakteria waliomo hubadilika. Wakati huohuo wanga mwingi wa mahindi au muhogo hupita utumbo mwembamba bila kumalizika, hasa kwa sungura mdogo, na kuwafikia bakteria wabaya. Mmoja wao, Clostridium spiroforme, hutumia sukari hiyo kutengeneza sumu. Mnyama huharisha maji, huvimba, hufa. Ukimpasua utakuta sekamu imejaa gesi na majimaji. Majirani watasema amerogwa au amekula majani yenye umande. Mara nyingi chanzo ni bakuli la chakula kizuri mno lililoletwa ghafla.

Hofu nayo huingia katika hesabu hii. Mnyama akitishwa na mbwa, panya wakubwa au kelele za usiku, mwili wake humwaga adrenalini, homoni ya kukimbia hatari, na adrenalini huzuia mwendo wa koloni. Siku mbili baada ya fujo mtaani, chunguza kinyesi.

Sasa tuje kwa watoto, maana wao ndio wanaokufa zaidi. Mama hunyonyesha kwa kawaida mara moja tu kwa siku, dakika chache, kisha huwaacha, usidhani amewatupa. Tumbo la mtoto anayenyonya halina asidi kali kama la mkubwa, ila ndani yake maziwa ya mama hutoa asidi mafuta zinazozuia vijidudu. Mama huacha pia vidonge vichache vigumu ndani ya kiota. Watoto huvitafuna, na kwa njia hiyo hupata bakteria wao wa kwanza. Kwa hiyo usikisafishe kiota hadi kisalie kitupu. Kuanzia wiki ya tatu hivi huanza kuonja majani, na sekamu huanza kukua haraka. Wiki za kuachishwa ni daraja jembamba: kinga ya maziwa inaondoka, asidi ya tumbo bado haijafikia ukali wake, bakteria wa sekamu bado hawajatulia. Katika mashirika makubwa yenye chakula cha kiwandani huwaachisha kwa siku 30 hivi. Kwa majani ya hapa kwetu, maoni yangu ni kusubiri hadi wiki ya sita au ya saba, na kumwondoa mama, watoto wakabaki katika kizimba walichokizoea wakiendelea na majani waliyoyazoea.

Na majani yenyewe? Milima yetu ina utajiri. Tripsacum iliyopandwa kwenye kingo za mashamba kuzuia mmomonyoko, na mabingobingo, vinatoa nyuzinyuzi za kusukuma; vikatwe kabla havijawa miti. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, na lile gugu dogo la Galinsoga linalojaa kila bustani, vina protini na hupendwa sana, lakini vina maji mengi. Viache vinyauke nusu siku, uvichanganye na nyasi ngumu. Lenga-lenga iende kwa kiasi. Kabichi za upande wa Lubero ni za bei nafuu msimu wake, na mtu hushawishika kumwaga majani yake yote kizimbani. Majani mawili matatu hayana neno, debe zima litajaza gesi. Sombe mbichi ina kiasi cha sayanidi, sumu inayopungua jani likinyauka vizuri, kwa hiyo usiitoe ikiwa mbichi. Majani na machipukizi ya viazi mbatata, na viazi vilivyogeuka kijani, viondoe kabisa. Kwa walio Beni, maganda ya kakao yamelundikana kila mahali na huonekana kama chakula cha bure. Yana theobromini, kemikali inayodhuru moyo na mishipa ya fahamu ikizidi, na mimi singempa jike mwenye mimba hata kidogo.

Maji nayo husahaulika kwa sababu ya msemo kwamba sungura hanywi. Anakunywa, na hunywa takribani mara mbili ya uzito wa chakula kikavu anachokula. Butembo, iliyo juu ya mita 1,700 na yenye baridi ya asubuhi, mnyama anayekula majani mabichi anaweza kustahimili kwa siku moja. Beni iko chini zaidi na joto lake ni kubwa. Likikaribia nyuzi 30, sungura asiye na maji huacha kula, na akiacha kula, ule msukumo wa chakula kwa chakula unasimama.

Nilikuahidi sababu ya sakafu ya mianzi. Ugonjwa unaoua sungura wachanga wengi huitwa koksidiosi, unaoletwa na vijidudu vya jamii ya Eimeria wanaoishi katika kuta za utumbo au katika ini. Mayai yao hutoka na kinyesi, lakini hayawezi kuambukiza hapo hapo. Yanahitaji siku moja au zaidi nje, penye unyevu na hewa, ili yakomae. Sekotrofi inapomezwa papo kwa papo haina hatari hiyo. Kidonge kigumu kilichokaa siku tatu kwenye nyasi zilizolowa, kisha mtoto akazila nyasi hizo, kina hatari kamili. Kinyesi kidondoke chini, na majani yaning'inizwe juu.

Onyo moja nalitoa kwa msisitizo wote. Katika maduka yetu ya dawa mtu hununua amoksisilini au ampisilini bila karatasi ya daktari, na anapoona sungura anaharisha humpa kwa mdomo, kama anavyompa mtoto wake. Dawa hizo, pamoja na penisilini ya kumeza na linkomisini, huwaua bakteria wema wa sekamu na kuwaacha Clostridium watawale. Sungura hufa kwa dawa, siku chache baadaye, na mwenye mnyama hulaumu ugonjwa. Anayeharisha apewe nyasi kavu nzuri na maji safi, aondolewe chakula chenye wanga, atengwe, na daktari wa mifugo aitwe mapema.

Baada ya hapa utakutana na mambo ya kina: jinsi fuso, ile sehemu ya koloni iliyojaa neva, inavyoongoza saa ya vidonge vigumu na laini, jinsi ya kupima nyuzinyuzi za aina mbalimbali katika maabara, jinsi ya kutengeneza mchanganyiko wa chakula kwa mazao ya eneo letu. Usikimbilie huko. Kesho asubuhi, kabla hujafagia, inama chini ya kizimba uangalie vidonge: ukubwa wake, ukavu wake, kama vinalingana na vya jana. Vikiwa vidogo na vichache, mnyama hali vya kutosha au ana meno mabaya. Ukikuta vishada laini havijaliwa, chakula chako ni kizito mno au mnyama amenenepa hadi hawezi kuinama. Andika unachokiona kwenye daftari, mwezi mzima, pamoja na majani uliyotoa siku hiyo. Na unapotaka kubadilisha chakula, chochote kile, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kidogo kidogo, ili bakteria wa sekamu wapate muda wa kukizoea.